Mashine ya Theluji Utange

Sikumsamehe Fundi Shaali, na nalisema mwanzo kabisa asije mtu akadhani nimekaa kuandika habari za mwalimu wangu mpenzi. Siku aliyozikwa nilikuwa chumba cha ndani nyumbani kwake Changamwe, nimekaa jamvini na wanawake wenzangu, mgongo ukutani, magoti yananilalamikia, maana hamsini na sita si umri wa kukaa chini asubuhi nzima. Wanaume walikuwa nje wanangoja jeneza litoke. Ndipo binti yake mkubwa, Khadija, akasimama mlangoni macho yamemvimba, akasema kama inavyosemwa katika kila msiba wetu: "Mama zangu, dada zangu, baba anatoka. Kama yuko ambaye baba alimkosea kwa neno au kwa tendo, twaomba mumsamehe." Chumba kizima kikaitikia, "Tumemsamehe." Mimi nikafumba mdomo. Jirani yangu, mwanamke nisiyemjua hata jina, akanisukuma kwa kiwiko: "Itikia, bibi." Nikamwambia sitaki. Nadhani nilisema kwa sauti kubwa kuliko nilivyokusudia, kwa sababu wote waligeuka. Khadija akanisogelea. "Bi Mishi, baba alikuwa akikutaja mpaka siku za mwisho. Akisema, yule fundi mwanamke mnayemsikia, nimemfunza mimi." Nikamjibu, "Kweli alinifunza, mwanangu. Na mengine aliyonifunza hayasemeki mbele ya maiti." Lo! Walipoleta chai ya rangi na mkate wa boflo, wakanipitia kama sipo. Nami sikutaka chai yao.

Mwaka mambo haya yalipotokea nilikuwa na miaka ishirini na minne. Nilikuwa nimemaliza chuo cha ufundi, nina cheti, nina ovaroli moja, na sina pa kwenda. Gereji nne nilizozunguka kabla ya kufika kwa Shaali zilinicheka. Ya kwanza waliniuliza chakula nimekileta cha nani. Ya mwisho, kule Kongowea, mwenye gereji aliniambia nikae karibu na mlango nipokee wateja, kwa kuwa nina sura. Shaali peke yake ndiye aliyenitupia spana na kuniambia, "Fungua ile, usiponivunjia boliti njoo na kesho." Banda lake lilikuwa nyuma ya yadi ya Bwana Twalibu, mfanyabiashara aliyekuwa akileta vitu vikuukuu kwa kontena: majokofu, baiskeli, jenereta, vitanda vya hospitali vyenye magurudumu. Yadi ilikuwa na joto la kuchemsha yai. Banda lenyewe lilikuwa mabati matupu, sakafu nyeusi kwa oili, na ukutani misumari mia iliyotundikwa kila kitu isipokuwa saa. Shaali alipewa banda lile bure, na kwa bure hiyo alikuwa mtumishi wa Twalibu, ingawa ungemwambia hivyo angekupiga kwa nyundo. Alikuwa mwembamba, mweusi, kofia yake ya kazi ilishasahau kuwa iliwahi kuwa nyeupe. Alifundisha kwa matusi. "Hiyo ni mikono au mafagio?" "Ulinyonya maziwa au dizeli?" Lakini alifundisha, sitasema uongo. Alinifunga macho kwa kitambaa akanipa beringi kumi nizizungushe kidoleni, nimwambie kwa kusikia tu ipi imekufa. Alinionyesha namna ya kupima chuma kwa tupa ya kunolea: chuma laini tupa hula, chuma kigumu tupa huteleza. Mchana tulikula kibandani kwa mama mmoja wa Kikamba nje ya geti, wali kwa maharagwe na samaki akiwapo. Shaali alipenda kichwa. Alikitoa mifupa mmoja mmoja akiipanga ukingoni mwa sahani, polepole, kwa adabu kabisa, na huku akinieleza mbele ya madereva wa malori kwamba ningelifaa zaidi kusuka makuti. Nilikuwa nikimchukia na nikimwogopa, na nikitaka aniambie siku moja tu kwamba nimefanya vizuri.

Basi akaja dada Saumu. Saumu ni binti wa mjomba wangu, amenizidi miaka minane, na yeye ndiye aliyenifunga leso ya kwanza kichwani na kunipiga kofi la mwisho la utoto wangu. Alikuwa akiishi Utange, wakati Utange bado ina mashamba, na alikuwa na ng'ombe sita wa maziwa. Kila ninapomkumbuka mwaka ule namkumbuka akikama. Alikuwa akikaa kigodani, kipaji cha uso kimeegemea ubavu wa ng'ombe, mikono miwili ikienda zamu kwa zamu, na maziwa yakipiga ndoo kwa mlio mmoja bila kukatika. Hakuna aliyemshinda kwa mikono ile. Ng'ombe waliomkataa kila mtu walimkubali yeye. Maziwa aliuza Kongowea, na kwa maziwa hayo alikula, akavaa, akasomesha, na akamwambia mume aliyemchosha kwamba mlango ule pale. Taabu yake ilikuwa majani. Kukata majani ya tembo kwa panga, kila siku, kwa ng'ombe sita, kulimmaliza mabega. Alikuwa na trekta dogo la bustani, lile la kukatia nyasi, alilolinunua kwenye hoteli moja iliyofungwa, akawa analitumia kuvutia mkokoteni. Sasa Twalibu alikuwa amemwonyesha kifaa cha kufungwa mbele ya trekta kama lile. Alisema hukata majani na kuyarusha mpaka horini. Saumu akaniita kwake Jumapili, akanipa maziwa ya moto yenye hiliki na mkate wa mofa, akanitazama nikila mpaka nikamaliza. "Mishi," akasema, "mimi chuma sikijui. Huyo Twalibu simwamini, na fundi wako simjui. Wewe ndiye jicho langu. Jumamosi nakuja huko yadini, ukitazame, ukiniambia kizuri nanunua, ukiniambia kibaya naondoka." Nikamwambia inshallah, dada, nitakikagua mpaka kikiri. Nilijiona mtu mkubwa, wallahi, kwa mara ya kwanza katika maisha yangu.

Sasa niseme kile kilikuwa nini, kwa sababu mimi mwenyewe nilikuja kujua baada ya miaka mingi. Nilikuwa nimekaa zahanati nangoja kupimwa presha, televisheni imewashwa ukutani bila sauti, nikaona mtu amevaa makoti matatu yuko juu ya trekta dogo, na mbele ya trekta mdomo wa chuma ule ule, skrubu kubwa inayozunguka ndani yake, dohani juu yake, na dohani inarusha kitu cheupe kando ya njia. Theluji. Kilikuwa kifaa cha kuzolea theluji! Nilicheka peke yangu kwa sauti mpaka nesi akaja kuniuliza kama niko sawa, kisha nikajiona nalia, nikaondoka bila kupimwa. Mombasa nzima ile hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuona theluji, na tulikisimamia kile kitu saa mbili tukibishana kinakata majani ya urefu gani. Kilikuwa kimekuja ndani ya kontena pamoja na mashine za bustani, kikapangwa na mashine za bustani, na kwetu sisi kitu hupewa kazi kwa majirani zake. Kina mdomo, kwa hivyo kinakula. Kina dohani, kwa hivyo kinatema. Ng'ombe wana njaa. Nani angelikaa kuuliza zaidi ya hapo?

Jumamosi Saumu akaja na buibui lake jeusi, akapewa pipa la rangi lililofunikwa gunia akakaa. Akaamkia, akaamkiwa, akaulizwa habari za nyumbani mpaka za ng'ombe. Twalibu alikuwa mtu mnene, mwenye kucheka, kikoi safi na marashi, mtu ambaye kila neno lake lilianza na wallahi. Kifaa kilikuwa kimepakwa rangi nyekundu mpya. Upana wake ulikuwa kama wa mlango. Ubavuni palikuwa na karatasi ya picha iliyobandikwa kiwandani: mkono wa mtu uliokatwa vidole na chuma kinachozunguka, na kando yake picha ya kitu chenye matawi sita, kizuri, kama kimeshonwa na fundi wa kofia. Saumu akainama. "Na hili ua ni la nini?" Twalibu akafurahi kuulizwa. "Hiyo ndiyo alama yenyewe, bibi! Wenzetu huko huandika kwa picha. Ua, yaani mashine ya mimea." "Ua la matawi sita?" "La Ulaya," akasema Shaali bila kutabasamu. Nami, fundi mzima mwenye cheti, nikasogeza uso nikasema lafanana na asumini. Tukaitikia kwa vichwa wote wanne, mbele ya picha ya chembe ya theluji. Ile ya vidole haikuuliziwa na mtu.

Nikaanza kazi. Nilijua Saumu ananitazama na nilijua Shaali ananitazama, nikataka wote wawili waone. Nikakwaruza rangi kwa ukucha upande wa chini, nikakuta kutu inamenyeka kama ganda la kitunguu, lakini bati la ndani lingali gumu. Nikafungua kizibo cha giaboksi, nikatia kijiti: oili imetoka nyeupe, maana yake imeingia maji. Nikashika skrubu kwa mikono miwili nikaitikisa kulia na kushoto, juu na chini, beringi zina mchezo kidogo, si mwingi. Nikaizungusha polepole sikio likiwa karibu, mlio mzuri. Feni ya nyuma, ile ya kurushia, mapanga yote yapo. Mkono wa kugeuzia dohani haupo, lakini huo ungechongwa. Mkanda mpya. Kila nilichokiona nilikisema kwa sauti, na Saumu akatikisa kichwa kila mara kama mtu anayesikiliza Kurani kwa sauti nzuri. Kisha nikafika kwenye pini.

Mtu asiyejua atasema pini ni kitu kidogo. Skrubu ile hushikwa kwenye mhimili wake kwa pini mbili, na pini hizo hutengenezwa laini makusudi. Mashine ikibana kitu kigumu, jiwe au gogo, pini hukatika, skrubu hulegea na kusimama, hakuna kinachobaki kimekazwa. Fundi hutoa kilichobana, hutia pini nyingine, kazi huendelea. Pini ndiyo inayokufa ili mtu asife. Hili alinifunza Shaali mwenyewe, kwa mashine nyingine, kwa matusi yale yale. Nikatoa tupa mfukoni nikaikwaruza pini ya kwanza. Tupa ikateleza. Nikajaribu ya pili, ikateleza vile vile, haikuacha hata alama. Zilikuwa boliti za springi za lori, zimekatwa kwa msumeno na kupakwa rangi nyekundu. Huo ukawa ukaguzi wa kwanza ambao sikuusema kwa sauti. Nikasema naenda kunawa mikono.

Bomba lilikuwa nyuma ya banda. Nikiwa nimechuchumaa pale na sabuni ya unga mkononi, nikawasikia upande wa pili wa mabati, Twalibu na Shaali, wamejitenga wavute sigara. "Huyo msichana wako ameona?" akauliza Twalibu. "Ameona," akasema Shaali. "Jicho lake si baya." Astaghfirullahi, hata leo naona aibu kuandika kwamba neno hilo lilinifurahisha. Twalibu akasema, "Si ulisema wataona ni pini za kawaida tu?" "Nimezitia mwenyewe jana, ulitaka nifanye nini? Zile zake laini zilikatika kila tulipotia majani. Utamuuzia nani mashine inayosimama kila dakika tano?" "Na akimwambia nduguye?" Nikasikia akivuta moshi. Kisha Shaali akasema, na sauti yake haikuwa hata ya ukali, ilikuwa sauti ya mtu anayesoma kipimo: "Hasemi. Akisema ataenda wapi?"

Nilimngoja kwenye kona, spana mkononi. Nikamwambia, "Fundi, zile si pini." Akaniambia, "Ni pini ngumu." "Fundi, yule ni dada yangu." Akatazama mkono wangu. "Hiyo spana uliyoishika ni ya nani, Mishi?" Nikasema, "Yako, Fundi." "Na banda?" Nikaishusha ile spana. "Haya," akasema, "tusimweke mgeni juani." Akatangulia. Ndivyo alivyokuwa. Hakunipiga, hakunitisha, aliniuliza maswali mawili tu. Miaka yote hii nimekuwa nikilala nikiyajibu maswali yale vingine, kwa maneno makali, na katika majibu yangu Shaali huanguka chini.

Kwetu kitu kikuukuu hakiuzwi hivi hivi. Muuzaji hutaja kwanza aibu za kitu, yaani kasoro zake, moja moja, mbele ya mashahidi, na mnunuzi husema ameridhika nazo. Aibu ikifichwa, biashara imeharibika, na mali ni haramu hata ikipita miaka mia. Twalibu alilijua hilo na alilifanya kwa mbwembwe. Akasimama katikati, mkono kifuani. "Bibi Saumu, nataja aibu. Ina kutu chini. Ina maji kwenye oili. Beringi zake si mpya. Mkono wa dohani haupo. Nimemaliza." Saumu akamgeukia Shaali: "Ndizo hizo, Fundi?" "Ndizo hizo." Kisha akaniangalia mimi. Akanyanyuka kutoka kwenye pipa kabisa, akasimama mbele yangu. "Mishi, imesalia aibu?" Nikasema haijasalia. Akasema, "Nimeridhika." Trekta likaletwa, kifaa kikafungwa, vijana wa yadi wakapiga makofi. Shaali ndiye aliyenifunga mdomo, na mtu asiniambie vingine. Nilikuwa msichana, nilikuwa sina pengine, na yeye alilijua hilo akalitumia.

Miezi mitatu kitu kile kilifanya kazi. Hilo ndilo linaloniudhi zaidi. Saumu alisukuma majani mdomoni kwa mti wenye panda, skrubu ikayavuta, feni ikayatafuna na kuyarusha mvua ya kijani juu ya ukuta wa hori, na ng'ombe wakasimama chini yake vinywa wazi. Majirani walikuja kutazama. Saumu akaninunulia kitambaa cha gauni. Kila nilipokwenda nikataka kumwambia, "Dada, zima, nikubadilishie pini," na kila mara nikaona nitaulizwa kwa nini sikusema mapema. Nikawa najiambia wiki ijayo. Nilifika mpaka kuchonga pini mbili laini na kuzitia mkobani. Zilikaa humo mpaka zikapata kutu.

Kisha kikaja kiangazi, majani yakaisha, Saumu akaanza kuchanganya na makuti. Asubuhi moja upongoo wa kuti, ule uti wake mgumu, ukabana. Pini ingelikuwa pini, ingelikatika pale pale na skrubu ingelegea. Boliti za lori hazikatiki. Skrubu ikasimama hali imekazwa, mkanda umevutika nyuma yake, nguvu yote imekaa inangoja. Saumu akafanya kila kitu sawa. Alizima injini. Alichomoa ufunguo akaufunga kwenye pindo la leso. Akangoja mpaka pakawa kimya. Ndipo akaingiza mkono wa kulia akauchomoa upongoo, na skrubu, bila injini, bila mtu, ikazunguka nusu mzunguko. Vidole vitatu. Aliniambia baadaye kwamba hakusikia maumivu mwanzo, alisikia tu mlio, akadhani ni upongoo uliovunjika.

Habari zilitufikia yadini mchana, tukiwa kibandani tunakula. Mimi nilitupa sahani nikakimbilia hospitali. Shaali alinawa mikono, akachukua mfuko wake wa zana, akaenda Utange. Jioni nilipofika huko kuwatazama ng'ombe, nilikwenda kwenye mashine kwanza. Damu ilikuwa imesafishwa. Nikatoa tupa nikakwaruza pini, ikauma vizuri, unga wa chuma ukanibaki kidoleni. Alikuwa ametia pini laini! Mtu amelazwa, na yeye ametangulia kwenda kufuta mkono wake. Kesho yake nilimkuta bandani anapiga nyundo, akaniambia bila kuinua kichwa, "Pole ya dada yako. Leta spana kumi na nne." Nikaleta.

Ndiyo, nilileta. Nilikaa kwake miaka mitatu zaidi, mpaka nikapata zana zangu na banda langu huko Bofu, ambapo nipo hadi leo, na mabango mawili, na mafundi watatu chini yangu. Saumu hakukama tena. Alijaribu kwa mkono wa kushoto na vile vidole viwili vilivyobaki, ng'ombe wakampiga mateke, maziwa yakakauka, akawauza mmoja mmoja. Alipomuuza wa mwisho nilikuwepo. Hakulia. Alirudi ndani akaosha ndoo ya maziwa, akaianika juani, mdomo chini, na jioni akaigawa kwa jirani. Nilimpelekea mchele. Tangu hapo kila mwaka, kabla ya Ramadhani, nimempelekea sukari, mchele, na leso nzuri, na kila mara nimekunywa chai yake nikaondoka. Mtu akinitajia Shaali, nilisema ni mshenzi. Nikiulizwa kwa nini, nilisema yeye mwenyewe anajua.

Kwa hivyo baada ya maziko nilikwenda Utange moja kwa moja. Nataka kuwa mkweli: nilikwenda kwa furaha. Nilikuwa nampelekea dada yangu zawadi ambayo hakuna mtu mwingine angeweza kumpa, kwamba mtu mmoja katika chumba kizima alikataa. Shamba lile siku hizi limezungukwa na nyumba za ghorofa za kupangisha, nguo za watu zinaning'inia juu ya uwanja wake. Nilimkuta jikoni amekalia mbuzi ya kukunia nazi, kifuu amekishika kwa kushoto, kile kiganja cha kulia kikisukuma kwa nyuma. Nikamwamkia, akaitikia. Nikamweleza yote: Khadija, chumba, jirani na kiwiko chake, nilivyosema sitaki. Nilimwigizia na sauti. Akaendelea kukuna.

"Kwa nini ulikataa?" akaniuliza.

"Dada! Kwa ajili yako! Kwa ajili ya mkono wako huo."

"Mimi nilishamsamehe zamani." Akageuza nazi. "Alikuja mwaka wa pili baada ya ajali. Akakaa hapo ulipokaa wewe. Akalia mpaka nikamwonea haya. Akaja na mwaka uliofuata, na uliofuata. Kila Idi. Mpaka miguu ilipomshinda, akawa anamtuma Khadija."

Nilihisi masikio yanawaka. "Alikwambia nini?"

"Yote. Boliti, na nani alizitia, na siku gani, na alivyokuja kuzitoa nikiwa hospitali."

"Na mimi?"

Akanitazama kwa mara ya kwanza tangu niingie. "Alisema uliziona. Alisema amekuziba mdomo yeye, nisikuhesabie wewe. Nikamwambia, hilo halikuhusu, Fundi, huyo ni ndugu yangu, atakuja mwenyewe." Akapuliza chicha iliyomwangukia gotini. "Miaka thelathini, Mishi. Nakuona unaingia na mfuko wa sukari, nasema leo. Unakunywa chai, unaniuliza presha yangu, unaondoka."

"Dada, nilikuwa sina pengine pa kwenda. Yule mtu aliniambia—"

"Yule mtu nilikuwa simjui," akasema Saumu. "Siku ile nilisimama nikakuuliza wewe."

Jikoni mle palikuwa na moshi na nikausingizia moshi. Nilijaribu kusema habari ya zile pini mbili nilizochonga, nikasikia jinsi zilivyo ndogo, nikaacha. Nilimaliza maneno yangu yote dhidi ya Shaali, na nilikuwa nayo mengi, na hakuna hata moja lililofaa kitu. Mwisho nikasema, "Nisamehe, dada."

Akainamia nazi yake. "Nimekusikia," akasema.

Nilingoja aseme zaidi. Akanimiminia chai, nikainywa, nikaondoka. Nimerudi mara tatu tangu siku hiyo, mikono mitupu, nikasema neno lile lile. Bado hajanijibu.